HUMPHRY DAVY NA TAA YA WACHIMBA MIGODI

Mwaka jana nyumba ya jirani yetu iliungua kwa sababu ya koroboi. Watu wazima wakatikisa vichwa wakasema ajali haina kinga. Mimi sikuridhika. Ndipo nikaamua kuwasimulia maisha ya bwana mmoja aliyeitafuta hiyo kinga.

Humphry Davy alizaliwa mjini Penzance, Uingereza, mwaka wa 1778. Baba yake, fundi wa kuchonga mbao, alifariki mwaka wa 1794 akaacha mjane, watoto watano na madeni. Davy, kifungua mimba, alikuwa na umri kama wangu hivi. Hakuenda chuo kikuu. Alifunzwa kazi kwa daktari, huku akijisomea kemia mwenyewe. Kufikia mwaka wa 1807 alikuwa London, akatumia umeme wa betri kupata potasiamu na sodiamu.

Mwaka wa 1812, mgodi wa makaa ya mawe wa Felling, kaskazini mwa Uingereza, ulilipuka ukaua wanaume na wavulana 92. Chini ardhini hutoka gesi ya methani, na wachimbaji walimulika kwa moto wazi. Gesi ikikutana na moto, basi!

Davy aliombwa msaada mwaka wa 1815. Aligundua kwamba mwali ukizungushiwa wavu wa waya wenye matundu madogo, waya hunyonya joto na gesi ya nje haishiki moto. Mwalimu wetu alituonyesha kwa kichomeo cha maabara. Aliwasha gesi juu ya wavu, na chini hakukuwaka kitu! Darasa zima lilipiga makofi.

Januari 1816 taa hiyo ilijaribiwa katika mgodi wa Hebburn. Davy alikataa kujiwekea haki ya kuiuza peke yake. Hata hivyo, alimshutumu George Stephenson, fundi wa injini aliyebuni taa yake wakati ule ule, kuwa ameiba. Hapo, kwa maoni yangu, alikosea.

Davy alifariki Geneva mwaka wa 1829, lakini vifo migodini havikuisha. Watu walipelekwa penye gesi nyingi zaidi kwa kutegemea taa, na wavu ukishika kutu au kutoboka haukufaa kitu. Stima ilipoingia, cheche ikawa adui mpya. Mwaka wa 1913, mlipuko wa Senghenydd, Wales, uliua wachimbaji 439. Ilishukiwa kwamba cheche ya kengele za umeme ndiyo iliyoanzisha. Siku hizi mitambo ya umeme migodini hufungiwa ndani ya makasha imara yenye mianya myembamba inayopoza mwali. Kumbe ni wazo lile lile la Davy!

Wenzangu, kinga ipo, ila hutaka kutunzwa. Ukiona waya wa stima uliochunika, au koroboi karibu na pazia, usingoje kutikisa kichwa. Kwaherini.