Naftali Temu: Dhahabu ya Kwanza Ilitoka Gusii

Leo nalipa deni. Miaka kadhaa iliyopita niliandika, kwa mkono wangu huu, kwamba Mkenya wa kwanza kutwaa medali ya dhahabu katika Michezo ya Olimpiki ni Kipchoge Keino. Sikulitafuta jambo lile vitabuni wala sikumwuliza mjuzi. Ndivyo nilivyosikia tangu utotoni kwetu Mombasa, nami nikalipokea lilivyo. Sikulijua kosa langu mpaka siku nilipofika Manga.

Manga iko juu milimani huko Gusii, baina ya Kisii na Nyamira, penye majabali marefu yanayotazama mabonde ya chini. Nilialikwa na rafiki yangu wa zamani aliyekuwa akimwoza binti yake. Asubuhi ya pili tuliketi kibandani tukinywa chai, na watoto wa shule wakipita mbio, wakipanda mlima bila ya kuhema. Kwa kutaka kuwafurahisha wenyeji, nikasema kwamba hao wote ni wana wa Kipchoge. Mzee mmoja aliyekuwa kando yangu akakiweka kikombe chake chini. Aliniambia kwa upole, akiniita mwanawe, kwamba Kipchoge ni shujaa na hapana anayemkanusha, lakini dhahabu ya kwanza haikwenda Nandi bali ilikuja Gusii, na aliyeileta ni Naftali Temu. Niliona haya, nikainamia chai yangu.

Niliporudi nyumbani nikafanya niliyopaswa kuyafanya tangu mwanzo.

Naftali Temu alizaliwa tarehe 20 Aprili 1945. Alikulia katika nchi iliyokwisha kuzoea wakimbiaji, kwani kabla yake Wagusii walikuwa na Nyandika Maiyoro, aliyemaliza wa 7 katika mita 5,000 huko Melbourne mwaka 1956 na wa 6 huko Roma mwaka 1960, na Arere Anentia, aliyepata shaba ya maili 6 huko Cardiff mwaka 1958. Temu akaingia jeshini, na huko ndiko mbio zake zilikopata malezi. Mwaka 1964 alikwenda Olimpiki ya Tokyo, akakimbia marathoni, akarejea mikono mitupu. Bendera ya Kenya katika michezo ile ilichukuliwa na mwana wa Mombasa, Seraphino Antao, aliyekwisha kutwaa dhahabu mbili za Jumuiya ya Madola huko Perth mwaka 1962. Medali ya Olimpiki ya kwanza kabisa kwa Kenya aliipata Wilson Kiprugut huko huko Tokyo, nayo ilikuwa shaba. Dhahabu ilikuwa haijaonekana.

Sasa twende Kingston, Jamaika, mwaka 1966, na naomba msomaji aukumbuke mji huu, maana una ushahidi wake mbele. Katika Michezo ya Jumuiya ya Madola, Temu aliingia mbio za maili 6 pamoja na Ron Clarke wa Australia, mtu aliyeweka rekodi ya dunia ya mita 10,000 mwaka uliotangulia kwa dakika 27 na sekunde 39.4. Wengi hawakumjua yule kijana wa Kenya. Temu akamwacha Clarke nyuma na kuchukua dhahabu.

Miaka miwili baadaye dunia ilikutana Mexico, mji ulio juu ya bahari kwa mita 2,240 hivi. Tarehe 13 Oktoba 1968 wakasimama mstarini kwa mita 10,000, yaani mizunguko 25. Hewa ilikuwa nyepesi, na mwendo ukawa wa tahadhari mpaka mwishoni, ndipo wanaume wakaanza kupukutika mmoja mmoja. Keino, aliyekuwa akiumwa tumbo, alianguka ikiwa imesalia mizunguko michache. Clarke alibaki nyuma, akamaliza wa 6 na kuzimia. Mwishoni wakabaki Temu na Mamo Wolde wa Uhabeshi. Wolde alichomoka mbele, na aliyetazama angedhani mambo yamekwisha. Temu hakumwachia. Alimpata katika hatua za mwisho akampita, saa ikasema dakika 29 na sekunde 27.4. Wolde alikuwa nyuma yake kwa sekunde 0.6 tu, na Mohammed Gammoudi wa Tunisia akawa wa tatu. Waafrika watupu!

Hakupumzika. Siku mbili baadaye aliingia mchujo wa mita 5,000, akapita. Tarehe 17 ikawa fainali, Gammoudi akashinda, Keino wa pili, Temu wa tatu. Tarehe 20 akakimbia marathoni, kilomita 42 na ushei, akamaliza wa 19. Mbio nne katika siku nane!

Wako waliosema kwamba ushindi ule ulikuwa wa hewa, kwamba watu wa milimani walipendelewa na mlima. Ni kweli kwamba hewa ile iliwatesa watu wa nchi za chini, na muda wa Temu ulikuwa wa polepole kupita rekodi ya Clarke kwa dakika moja na sekunde 48. Lakini Kingston je? Kingston ni bandari kama Mombasa, yenye joto na jasho kama letu, wala haina mlima wa kumpendelea mtu. Huko nako Temu alimshinda Clarke yule yule. Mwenye haki na alipime hilo.

Basi kwa nini jina lake lilififia? Naona ni kwa sababu siku ile ile ya marathoni, Keino alimshinda Mmarekani Jim Ryun katika mita 1,500, na mwaka 1972 akaongeza dhahabu nyingine huko Munich. Temu naye alikwenda Munich, asivuke mchujo. Mwaka 1973 akaacha mbio, akarudi kwao Nyamira kulima shamba alilopewa na serikali. Watu humkumbuka anayeendelea kuonekana. Alifariki Nairobi kwa ugonjwa wa saratani tarehe 10 Machi 2003, akiwa na umri wa miaka 57.

Na lipo jambo moja ambalo wengi hawalijui. Tangu siku ile ya Mexico, wanaume wa Kenya, pamoja na sifa zao zote, hawajaipata tena dhahabu ya Olimpiki ya mita 10,000. Walipokezana wengine: Wahabeshi, Wamoroko, Mwingereza, na Mganda huko Paris mwaka 2024. Ni huko huko Paris ndiko binti wa Kenya, Beatrice Chebet, alipoishinda kwa upande wa wanawake. Miaka 56 ilikuwa imepita.

Wazee wetu walisema mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Temu hakuwa mnyonge uwanjani, lakini maiti hana ulimi wa kudai, na sisi wenye kalamu ndio tunaotakiwa kumdaia. Nimeyasahihisha niliyoyaandika. Mzee wa Manga, nikijaaliwa kupanda tena mlima ule, nitakuja na gazeti hili mkononi, na chai itakuwa juu yangu.