Ivanov: Mwanasayansi wa uhimilishaji aliyevuka mpaka

Na Mwandishi Wetu

MFUGAJI anayemwita mtaalamu amhimilishe ng'ombe wake, badala ya kuhangaika kutafuta dume la kupandisha, anavuna matunda ya kazi iliyoanza zaidi ya karne moja iliyopita katika mazizi ya farasi nchini Urusi.

Aliyeiongoza kazi hiyo ni mwanabiolojia Ilya Ivanovich Ivanov. Hata hivyo, jina lake leo hutajwa zaidi kwa jaribio la aibu alilolifanya katika ardhi ya Afrika kuliko kwa mema aliyowatendea wafugaji.

Ivanov alizaliwa mwaka 1870 katika mji wa Shchigry, jimbo la Kursk, na kuhitimu katika Chuo Kikuu cha Kharkov mwaka 1896.

Hakuwa wa kwanza kuhimilisha mnyama. Padri na mtafiti wa Italia, Lazzaro Spallanzani, alikwisha kumtungisha mimba mbwa jike kwa njia hiyo katika karne ya 18. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 jambo hilo halikuwafaa wafugaji kwa lolote.

Ivanov ndiye aliyelitoa maabara na kulipeleka zizini. Mwanzoni mwa karne ya 20 alianzisha kituo cha kuhimilisha farasi. Alitumia sponji safi kuipokea mbegu ya dume, akaikamua, kisha akaiingiza katika kizazi cha jike kwa mrija.

Kwa kupandisha kwa kawaida, farasi dume mmoja hutosha majike 20 hadi 30 kwa msimu. Kwa njia ya Ivanov, mbegu ya dume mmoja ingeweza kutosha majike hadi 500. Sifa za dume bora zikaweza kuenea haraka kwa kundi kubwa, na hatari ya magonjwa yanayoambukizwa kwa kupandana ikapungua.

Mafanikio hayo yalimpa ujasiri wa kuchanganya wanyama wa jamii tofauti. Katika hifadhi ya Askania-Nova, iliyoko Ukraine ya leo, alizalisha machotara, akiwamo wa punda milia na punda. Mwaka 1910, katika mkutano wa wanazuolojia mjini Graz, Austria, alidai kuwa hata binadamu na nyani wakubwa wangeweza kuchanganywa.

Mwaka 1926, kwa fedha za serikali ya Kisovieti, alifunga safari hadi Guinea, wakati huo koloni la Ufaransa. Mwaka uliofuata aliwahimilisha sokwe watatu majike kwa mbegu za binadamu. Hakuna aliyeshika mimba.

Hakuishia hapo. Alitaka kuwapandikizia mbegu za sokwe wanawake wa Kiafrika waliokuwa wagonjwa hospitalini, bila wao kuambiwa. Watawala wa koloni walikataa jambo hilo lisifanyike bila ridhaa yao, na Chuo cha Sayansi cha nchi yake nacho kikamlaumu.

Aliporejea, aliendelea na mipango yake katika kituo cha nyani cha Sukhumi, lakini Desemba 1930 alikamatwa katika wimbi la kuwaandama wanasayansi. Alihukumiwa uhamisho wa miaka mitano Alma-Ata, Kazakhstan, na huko akafariki dunia kwa kiharusi Machi 20, 1932, akiwa na umri wa miaka 61.

Njia yake haikufa naye. Katika miaka ya 1930 mamilioni ya ng'ombe na kondoo walihimilishwa katika Umoja wa Kisovieti. Nchini Kenya, uhimilishaji ulianza mwaka 1935 katika eneo la Naivasha, na Tanzania ina kituo chake cha taifa Usa River, Arusha.

Ivanov aliwapa wafugaji nyenzo ya kuboresha mifugo yao. Kosa lake kubwa lilikuwa kuwaona wanawake wagonjwa wa Guinea kama sehemu ya mifugo hiyo, watu wasiostahili hata kuulizwa.