Siri ya Charles Dickens

Charles Dickens alizaliwa tarehe 7 Februari, mwaka wa 1812, katika mji wa Portsmouth, pwani ya kusini ya Uingereza. Baba yake, John Dickens, alikuwa karani katika ofisi iliyolipa mishahara ya mabaharia wa manowari. Alikuwa mtu mchangamfu na mkarimu, lakini fedha hazikukaa mkononi mwake. Walipokuwa wakikaa Chatham, Charles alivisoma vitabu vya hadithi vya baba yake mara nyingi, hata watu waliotajwa humo wakawa kama rafiki zake. Naye alitumaini kuwa mtu mwenye elimu.

Mwaka wa 1822 wakahamia London, na mambo yakazidi kuharibika. Vyombo vya nyumbani viliwekwa rehani au kuuzwa, navyo vile vitabu vikaenda pamoja navyo. Mwezi wa Februari, 1824, wadai wakamshitaki John Dickens, akatiwa katika gereza la Marshalsea. Siku zile sheria ya Uingereza iliruhusu mtu kufungwa kwa sababu ya deni, na mke na watoto waliweza kukaa pamoja naye humo gerezani. Ndivyo walivyofanya mama yake na wadogo zake, lakini Charles hakukaa nao. Yeye, akiwa na umri wa miaka 12, alikuwa amekwisha pelekwa kufanya kazi katika kiwanda cha dawa ya viatu.

Kiwanda hicho kilikuwa katika nyumba kuukuu kando ya mto Thames, nayo ilijaa panya. Kutwa nzima mtoto alifunika vichupa vya dawa kwa karatasi, akavifunga kwa uzi, na kubandika juu yake jina la kiwanda. Ujira wake ulikuwa shilingi 6 au 7 kwa juma. Njaa na uchovu alivistahimili. Kilichomwumiza zaidi ni kuona kwamba wazazi wake wamekubali, na kwamba hakuna aliyefikiri juu ya masomo yake tena.

Palikuwa na kijana mmoja kiwandani, jina lake Bob Fagin, aliyemtendea wema. Siku moja Charles alishikwa na maumivu makali ya ubavu. Bob akamlaza juu ya majani makavu, akajaza chupa maji ya moto na kumkanda nusu ya siku. Jioni ilipofika hakukubali mgonjwa aende peke yake, akamsindikiza. Walakini Charles aliona haya kumwonyesha kwamba wazazi wake wako gerezani. Basi walipofika penye nyumba moja karibu na daraja la Southwark, akamwaga Bob kwa kumshika mkono, akapanda ngazi kana kwamba ni kwao. Kisha, asije akagunduliwa, akabisha hodi, na mlango ulipofunguliwa akauliza kama ndipo anapokaa Bwana Robert Fagin.

Baada ya miezi kama mitatu baba yake akafunguliwa. Hata hivyo Charles aliendelea na kazi kwa muda, mpaka baba alipogombana na msimamizi wa kiwanda. Mama yake akataka arudishwe kule kule. Baba akakataa, akampeleka shuleni. Shauri lile la mama Charles hakulisahau maisha yake yote.

Tangu hapo alipanda upesi. Alikuwa karani wa wanasheria, akajifunza hati mkato, akawa mwandishi wa habari za Bunge. Mwaka wa 1836 alianza kutoa kitabu cha Pickwick, na alipokuwa na miaka 25 jina lake lilikuwa linajulikana Uingereza nzima. Hata hivyo habari za kiwanda alizificha. Katika Oliver Twist alimpa mzee mwovu anayefundisha watoto wizi jina la Fagin, jina la yule aliyemwuguza! Hayo hayakuwa malipo mema.

Miaka mingi baadaye alimfunulia siri rafiki yake, John Forster, akaanza kuiandika, lakini hakuthubutu kuitangaza. Badala yake akaitia katika hadithi. David Copperfield ilitoka kwa sehemu za kila mwezi, tangu Mei 1849 mpaka Novemba 1850. Humo David, mtoto wa miaka 10, anatumwa katika ghala la mvinyo kuosha chupa na kuzibandika karatasi. Anatoroka, naye anakwenda kwa miguu mpaka Dover, kwa shangazi ya baba yake. Mwanafunzi atakiwaye kuandika insha juu ya kitabu hiki asiseme tu kwamba kiini chake ni umaskini. Na atazame jinsi David anavyoficha uchungu wake mbele ya vijana wa ghalani, na jinsi anavyonyamaza juu ya siku zile hata akiwa mtu mzima. Mambo hayo yakiwekwa pamoja yataonyesha kwamba kiini kimoja kikubwa ni fedheha ya mtoto aliyetupwa.

Miaka 10 baadaye Dickens alirudia shina lile lile katika Great Expectations, lakini kwanza alisoma upyaDavid Copperfield ili asirudie aliyokwisha sema. Safari hii mtoto Pip hatupwi na mtu. Yeye mwenyewe, akiisha kupata fedha, anamwonea haya Joe, mhunzi aliyemlea kwa upendo. Kitabu hiki ni kigumu kuliko kile cha kwanza, tena kina haki zaidi, kwa kuwa kosa sasa ni la mtoto mwenyewe. Asomaye habari za Joe ni vigumu asimkumbuke Bob, aliyeachwa penye ngazi za nyumba ya watu.

Dickens alifariki tarehe 9 Juni, 1870, akazikwa Westminster Abbey. Baadaye Forster akaanza kutoa kitabu cha maisha yake, na humo akaeleza habari za kiwanda. Ndipo watu waliokuwa wamesoma David Copperfield kwa zaidi ya miaka 20 walipofahamu kwamba yule mtoto wa ghalani alikuwa ni mwandishi mwenyewe.