Jules Cornet, aliyepanga mawe ya Katanga

Kule Nzilo, Lualaba imekata mawe ya zamani sana. Mwaka wa 1892 alipita kule Mbelgiji Jules Cornet, kijana wa miaka 27, pamoja na msafara wa Bia na Francqui. Njaa na magonjwa viliua watu wengi. Kapiteni Bia mwenyewe akafia njiani. Cornet aliendelea kuokota mawe.

Mukuba si yeye aliyeuvumbua, wenyeji walikuwa wanauyeyusha tangu zamani. Yeye alitafuta jiwe gani liko chini ya lingine, na tabaka za juu akaziita Kundelungu. Lakini zina miaka mingapi? Hakuweza kujua, mpaka akafariki mwaka wa 1929.

Leo wataalamu wanapima uraniamu inayogeuka risasi ndani ya punje ndogo za mawe. Ndipo Konglomera Kubwa, ule mchanganyiko wa mawe na udongo uliogandamana juu ya tabaka zenye mukuba, ukapewa karibu miaka milioni 700. Wengi wanasema uliletwa na barafu. Wengine wanakataa, eti ni maporomoko ya chini ya bahari. Ubishi haujaisha.

Jina la Cornet limebaki kwenye jiwe moja la buluu, konetiti, lililopatikana kwanza karibu na Lubumbashi.