Gene Roddenberry: Rubani na askari aliyeibuni Star Trek, mashabiki wakagoma isife

Mwaka 2023 Paramount+ iliifuta katuni ya Star Trek: Prodigy. Mashabiki wakakusanya saini, wakapiga kelele mitandaoni, na miezi michache baadaye katuni hiyo ikahamia Netflix. Mwaka 2025 ikatangazwa kwamba Strange New Worlds nayo itaishia msimu wa tano. Kwa mara nyingine, wapenzi wa Star Trek wamebaki na swali lilelile: itarudi?

Ukidhani tabia hii imeletwa na simu janja, hapana. Ilianza na bahasha na stempu miaka ya 60, na aliyekuwa katikati yake ni Gene Roddenberry, mtu aliyeibuni Star Trek. Maisha yake yanaonyesha vizuri kelele za mashabiki zinaweza nini, na zinagota wapi.

Aliponea ajali mbili za ndege

Roddenberry alizaliwa Agosti 19, 1921 mjini El Paso, Texas, akakulia Los Angeles. Baba yake alikuwa polisi.

Vita Kuu ya Pili ilipopamba moto, alirusha ndege za kudondosha mabomu aina ya B-17 kwenye Bahari ya Pasifiki. Agosti 1943 ndege aliyokuwa akiirusha ilishindwa kupaa, ikapitiliza njia ya kurukia na kuwaka moto. Wenzake wawili walikufa.

Baada ya vita akawa rubani wa Pan Am. Juni 1947 alikuwa ndani ya ndege ya kampuni hiyo iliyotoka Karachi kwenda Istanbul. Injini ilishika moto na ndege ikaanguka kwenye jangwa la Syria. Kati ya watu 36, 15 walifariki. Yeye alitoka na mbavu zilizovunjika, akarudi kuwatoa abiria.

Mwaka uliofuata aliachana na urubani. Alitaka kuandika, ila kuandika kulikuwa hakulipi. Basi mwaka 1949 akajiunga na polisi wa Los Angeles, kazi ileile ya baba yake. Usiku aliandika miswada ya televisheni, na mwaka 1956 akavua sare moja kwa moja.

Uhura ni Kiswahili

Wazo lake kubwa lilikuwa chombo cha anga za juu chenye wafanyakazi wa kila rangi, wanaozunguka nyota hadi nyota. Kampuni ya Desilu ililibeba wazo hilo. Kituo cha NBC kilikataa kipindi cha kwanza cha majaribio, kikaona kinamfikirisha mno mtazamaji, halafu kikafanya jambo la nadra: kikaagiza kingine. Septemba 8, 1966 Star Trek ikaenda hewani.

Hapa kuna jambo letu. Nichelle Nichols, mwigizaji Mmarekani Mweusi, alifika kwenye usaili akiwa na kitabu kinachoitwa Uhuru. Roddenberry alilipenda neno hilo, wakalilainisha mwishoni, na afisa wa mawasiliano wa chombo akapata jina la Uhura. Zaidi ya hapo, kwenye kipindi kile cha kwanza kabisa kurushwa, Uhura anasemeshwa kwa Kiswahili. Hiyo ilikuwa miaka mitatu tu baada ya Kenya kupata uhuru wake.

Nichols aliwahi kusimulia kwamba alitaka kuacha baada ya msimu wa kwanza. Aliyemzuia ni Martin Luther King, aliyemweleza kwamba nafasi ile ilikuwa kubwa kuliko yeye mwenyewe.

Barua zaidi ya laki moja

Watazamaji hawakuwa wengi kama NBC ilivyotaka. Kufikia mwisho wa mwaka 1967 minong'ono ilizagaa kwamba tamthilia inakufa. Bjo Trimble na mumewe John, mashabiki wa kawaida tu, wakaandaa kampeni: kila shabiki aandike barua yake mwenyewe, kisha awaombe marafiki zake nao waandike. Januari 1968 wanafunzi wa Caltech waliandamana hadi ofisi za NBC huko Burbank.

Roddenberry hakukaa pembeni. Aliisaidia kampeni hiyo kimyakimya huku hadharani ikionekana ni nguvu ya umma pekee. NBC ilisema yenyewe kwamba barua zilizidi laki moja, na Machi 1, 1968 ikatangaza hewani kwamba Star Trek inaendelea.

Ushindi? Nusu. NBC iliisogeza tamthilia hadi Ijumaa saa nne usiku, muda ambao vijana wengi hawako nyumbani. Roddenberry alikasirika, akajiondoa kwenye kazi za kila siku na kubaki na cheo tu. Bajeti ikapunguzwa. Juni 1969 kikarushwa kipindi cha mwisho.

Kwa maneno mengine, mashabiki walipata msimu mmoja zaidi. Hawakupata muda mzuri, hawakupata fedha, na hata mwenye wazo lake hakubaki jikoni.

Hesabu iliyobadilisha kila kitu

Hata hivyo, msimu ule mmoja ndio uliookoa jahazi. Bila barua, Star Trek ingeishia vipindi 55. Msimu wa tatu ulifikisha 79. Vituo vidogo vya Marekani vilivyorusha marudio kila siku vilihitaji akiba ya kutosha: 55 vinaisha ndani ya wiki 11, lakini 79 vinakaribia wiki 16.

Marudio hayo yakarushwa jioni, watoto wakiwa wametoka shule. Kizazi kipya kikanasa. Januari 1972 mashabiki waliitisha mkutano New York wakitegemea watu mia kadhaa. Walifika zaidi ya 3,000, na Roddenberry alikuwepo.

Mwaka 1976 barua ziliingia Ikulu ya Marekani. NASA ilikuwa na chombo kipya ambacho kingeitwa Constitution. Rais Gerald Ford akaamua kiitwe Enterprise, jina la chombo cha kwenye tamthilia. Roddenberry na waigizaji wake walihudhuria uzinduzi. Kumbe chombo hicho chenyewe hakikuwahi kufika anga za juu, kilitumika kwa majaribio tu.

Ilirudi, lakini si ileile

Paramount ilipanga kurudisha tamthilia mwishoni mwa miaka ya 70, kisha ikabadili gia na kutoa filamu mwaka 1979. Iliingiza fedha, ila gharama zilikuwa zimepaa kupita kiasi. Filamu iliyofuata akapewa mtu mwingine, na Roddenberry akabaki mshauri wa kitu alichokizaa.

Wala hakuwa malaika. Aliandika maneno ya muziki wa kufungulia Star Trek, maneno ambayo hayakuwahi kuimbwa kwenye tamthilia, na kwa njia hiyo akachukua nusu ya mirabaha ya mtunzi Alexander Courage. Waandishi kadhaa pia waligombana naye.

Mwaka 1987 alirudi kwenye televisheni na The Next Generation. Mashabiki wengi walinuna: nahodha mpya, sura mpya, Kirk na Spock hawapo. Walikuwa wamesubiri miaka 18 na walichoomba hakikuwa hicho. Tamthilia hiyo ikadumu misimu saba, zaidi ya mara mbili ya ile ya kwanza.

Roddenberry alifariki Oktoba 24, 1991 akiwa na miaka 70. Mwaka uliofuata sehemu ya majivu yake ilisafiri na chombo cha NASA cha Columbia.

Kwa wanaosubiri leo

Baada yake zilikuja Deep Space Nine, Voyager na Enterprise. Mwaka 2005 Enterprise ilipofutwa, mashabiki walichangishana fedha ili irudi. Haikurudi. Star Trek ikabaki nje ya televisheni hadi Discovery ilipoanza mwaka 2017.

Kwa hiyo rekodi ni hii: 1968 walishinda, 2005 walishindwa, 2023 wakashinda tena. Pale waliposhinda, palikuwa na kituo au kampuni iliyoona bado kuna soko. Na hata waliposhinda, wao hawakupanga irushwe saa ngapi, kwa bajeti gani, wala chini ya nani. Roddenberry mwenyewe, pamoja na kuwa mwanzilishi, hakuweza kuyapanga hayo mwaka 1968.