Thomas Young na Kipimo cha Ukakamavu

Thomas Young alizaliwa tarehe 13 Juni 1773 huko Milverton, Somerset, kusini-magharibi mwa Uingereza. Alikuwa kifungua mimba katika familia ya watoto kumi, na wazazi wake walikuwa waumini wa Quaker. Alijua kusoma akiwa na miaka miwili. Kufikia umri wa miaka 14 alikuwa ameshajifunza Kilatini na Kigiriki na ameanza lugha nyingine kadhaa, Kiarabu kikiwemo.

Kazi aliyoichagua ilikuwa udaktari. Alisoma London, Edinburgh, kisha Göttingen nchini Ujerumani alikopata shahada ya udaktari mwaka 1796, na baadaye Cambridge. Akiwa bado mwanafunzi alieleza kwamba lenzi ya jicho hubadili umbo ili tuone vitu vya karibu na vya mbali, na mwaka 1794 akachaguliwa mwanachama wa Royal Society. Mwaka 1797 mjomba wa mama yake, Richard Brocklesby, alifariki na kumwachia nyumba na fedha. Tangu hapo Young hakuwa na shida ya kujitafutia riziki, akaweza kufuata kila alilotaka kulijua.

Mwaka 1801 aliteuliwa kuwa profesa katika Royal Institution jijini London. Kwa miaka miwili alitoa mihadhara 91 kuhusu mwendo, mashine, sauti, mwanga, joto na mengineyo. Wasikilizaji wengi waliiona mizito, kwa kuwa alisema mengi kwa maneno machache. Mwaka 1803 alijiuzulu akihofia kwamba kazi hiyo ingeharibu udaktari wake. Mihadhara aliichapisha mwaka 1807 katika mabuku mawili, na humo ndimo lilimo wazo linalobeba jina lake hadi leo.

Ili kuliona wazo hilo, turudi nyuma kidogo. Mwaka 1678 Robert Hooke alikuwa ameshachapisha kanuni kwamba kurefuka kwa springi huenda sambamba na nguvu inayoivuta: nguvu ikiwa maradufu, kurefuka nako huwa maradufu, mradi kikomo cha unyumbufu hakijapitwa. Kanuni hiyo tunaiandika F = ke. Lakini k ni tabia ya springi ile moja iliyo mkononi mwako. Chukua waya, ukate katikati, uvute nusu yake kwa nguvu ileile: utarefuka nusu tu ya mwanzo, yaani k imekuwa maradufu. Chuma ni kilekile, namba imebadilika. Mhandisi anayetaka kujua chuma kinatofautianaje na mbao hawezi kutegemea namba inayobadilika kila msumeno unapopita.

Young alitafuta namba ya mata yenyewe. Leonhard Euler alikuwa ameligusa wazo hili mwaka 1727, na Giordano Riccati alifanya majaribio yake mwaka 1782, lakini jina lililobaki ni la Young. Hata hivyo fomula tunayoitumia siyo aliyoiandika yeye. Young alipima moduli kwa kufikiria nguzo ndefu ya mata ileile, iliyosimama na kukandamiza kitako chake kwa uzito wake. Kwa feleji, yaani chuma cha nondo na nyaya, nguzo hiyo ingekuwa na urefu wa takriban kilomita 2,600. Tatizo ni kwamba uzito wa mata umeingia katika hesabu. Alumini nayo, kwa kipimo hicho, hutoa karibu kilomita 2,600 vilevile, ilhali waya wa alumini hurefuka karibu mara tatu ya ule wa feleji ulio sawa nao. Mwaka 1826 Mfaransa Claude-Louis Navier aliiweka moduli katika sura tunayoijua:

E = (F ÷ A) ÷ (e ÷ L)

Sehemu ya kwanza ni mkazo, yaani nguvu kwa eneo la mkato. Ya pili ni uwiano wa kurefuka, yaani urefu ulioongezeka ukigawanywa kwa urefu wa awali, haina kizio. Kwa hiyo E hupimwa kwa paskali.

Tuseme waya wa feleji wenye urefu wa m 2 na eneo la mkato la mm² 1 unavutwa kwa N 100 na kurefuka mm 1. Mkazo ni 100 ÷ 10⁻⁶ = Pa 10⁸. Uwiano wa kurefuka ni 0.001 ÷ 2 = 0.0005. Basi E = Pa 2 × 10¹¹. Hapa ndipo alama nyingi hupotea: mm² 1 ni m² 10⁻⁶, siyo 10⁻³. Ukikosea hapo utapata Pa 2 × 10⁸, na nondo yako imekuwa laini kama plastiki ya mfuko.

Usichanganye pia ukakamavu na uimara. Kioo cha dirisha kina E ya takriban Pa 7 × 10¹⁰, karibu sawa na alumini, lakini kila aliyewahi kucheza mpira karibu na dirisha anajua tofauti yao.

Kuanzia mwaka 1811 Young alikuwa daktari wa hospitali ya St George's, London. Alionyesha kwa majaribio kwamba mwanga una tabia ya mawimbi, na alishiriki kufumbua maandishi ya Kimisri yaliyo kwenye Jiwe la Rosetta. Alifariki London tarehe 10 Mei 1829 akiwa na miaka 55, huku akiandaa kamusi ya Kimisri cha kale.

Swali la marudio
Waya wa alumini (E = Pa 7 × 10¹⁰) una urefu wa m 2 na eneo la mkato la mm² 1.
(a) Utarefuka kiasi gani ukivutwa kwa N 100?
(b) Ukikatwa katikati, kipi kitabadilika kati ya k na E? Eleza.

Jibu la (a): e = FL ÷ AE = (100 × 2) ÷ (10⁻⁶ × 7 × 10¹⁰) = m 0.0029, yaani mm 2.9.