Katama Mkangi: Mwanasosholojia Aliyeandika Riwaya

Katika kisiwa cha Wasini, kusini mwa pwani ya Kenya, kipo kijiji cha wavuvi kiitwacho Mkwiro. Bahari iliyo karibu nacho ina hifadhi ya Kisite, ambamo uvuvi umepigwa marufuku ili matumbawe na viumbe wake wahifadhiwe. Mahali kama hapo huzua swali zito: taaluma inayoamua hatima ya ardhi na bahari humfikia kwa lugha gani yule anayeishi kwa kuzitegemea? Katama Mkangi hakuwa mtaalamu wa bahari, lakini maisha yake yalikuwa jibu mojawapo la swali hilo.

Mkangi, Mmijikenda wa pwani, alikuwa mhadhiri wa sosholojia katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Mwaka 1983 kilichapishwa kitabu chake cha Kiingereza kuhusu Wataita, uzazi na mageuzi ya umilikaji wa ardhi. Zama hizo wataalamu wengi walidai kwamba umaskini wa mashambani ulitokana na wingi wa watu. Mkangi aliupinga mtazamo huo. Kwake, ukubwa wa familia haukueleweka pasipo kuchunguza jinsi ardhi ilivyogawanywa, kwani kwa mkulima maskini mtoto alikuwa nguvukazi na tegemeo la uzeeni. Kumhimiza apunguze watoto huku ardhi ikimponyoka kulikuwa ni kumbebesha gharama ya kosa lisilo lake.

Hoja hiyo iliwafikia wasomi. Wataita wenyewe, waliokuwa kiini chake, wengi wao hawakuwa na njia ya kukisoma kitabu hicho. Hapa ndipo ulipo uzito wa kazi yake ya pili. Tayari mwaka 1975 alikuwa ametoa riwaya ya Ukiwa, na mwaka 1984 akatoa Mafuta, ambamo suala la wachache kuhodhi utajiri wa wengi limevikwa vazi la istiari. Jambo alilolichambua kwa hoja ukumbini, katika Kiswahili alilisimulia.

Ujasiri huo haukuwa bure. Mwaka 1986, serikali ilipowaandama wasomi walioshukiwa kuipinga, Mkangi alitiwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka. Hata hivyo kalamu yake haikunyamaza. Mwaka 1995 ilitoka Walenisi, riwaya inayotumia mbinu za fantasia ya kisayansi. Mhusika wake mkuu, Dzombo, anahukumiwa kuangamizwa kwa chombo cha angani, lakini anafika katika nchi ya watu wanaoishi kwa usawa. Jina la nchi hiyo likitamkwa polepole huwa ni wale ni sisi: haki inayoonekana kuwa ya ulimwengu mwingine yawezekana hapa hapa.

Mwaka 1997 Mkangi aligombea urais wa Kenya, asifanikiwe. Alifariki mwaka 2004.

Leo sayansi, mazingira na uandishi wa kubuni hufundishwa vyuoni katika idara mbalimbali, aghalabu zisizojuana. Mkangi alizikutanisha taaluma na sanaa katika nafsi moja. Mwanafunzi atokaye Mkwiro akiandika kwa Kiswahili habari za matumbawe, nyavu na sheria za hifadhi, atakuwa anaifuata njia iliyokwisha kufyekwa, na kwa gharama kubwa.